Debe la Kijani

Salome tulimzika Nzega siku ya Jumamosi, kwenye ardhi ngumu ambayo vijana waliichimba kwa sururu tangu alfajiri. Baada ya maziko wanawake tuliingia ndani, tukakaa kwenye mikeka sebuleni kwake, migongo ukutani, miguu tumeinyoosha kama wagonjwa wa zahanati. Hakuna aliyetupanga, lakini sisi wanne tuliokuja kati ya wale tuliosoma naye chuo cha ualimu Tabora tukajikuta safu moja: Perpetua mwanzo, kwa tabia yake ya kutangulia kila mahali, kisha wale wenzetu wawili, kisha mimi mwisho, karibu na mlango wa jikoni, moshi wa kuni ukinijia usoni. Nilikuwa nakohoa. Moshi wa kuni unanisumbua tangu nina miaka ishirini, na si mapafu yanayosumbuka. Ndipo akaingia mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio mweusi, fimbo mkononi. Akawaamkia wazee, akaitikia shikamoo za wasichana, kisha akasimama akitutazama mmoja mmoja kama matroni anayekagua vitanda. Sikumtambua mpaka alipocheka. "Chumba namba nne," alisema. "Jamani, mmezeeka." Alikuwa Thuweba. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika muda wote huo haikupita wiki bila kumkumbuka.

Mwezi mmoja kabla ya kufa, Salome alinipigia simu kutoka hospitali. Sauti ilikuwa imemwishia. Hakuuliza hali, hakuuliza wajukuu. "Thuweba hajaambiwa habari ya magogo," alisema. "Mimi sitawahi. Mwambie wewe, Mwajuma. Ulikuwepo." Nikamwahidi, na ahadi kwa mtu aliye kitandani hutoka mdomoni kwa urahisi mno. Magogo yenyewe yalikuwa manne, na kwa sababu ya magogo hayo baba yake Thuweba alifungwa miaka mitatu kwa jambo ambalo hakulifanya. Naandika hivyo bila kupepesa macho kwa sababu karatasi hainitazami. Nimefundisha saikolojia kwa walimu wanafunzi karibu miaka thelathini. Nimewaeleza kwamba kumbukumbu haikai kichwani kama picha iliyotundikwa ukutani, kwamba mtu huijenga upya kila anapoiita, kwa vipande vyake na vya wenzake, na kwamba anayekumbuka vibaya huwa na uhakika uleule wa anayekumbuka vizuri. Wakaandika, wakafaulu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilijuaje.

Ulikuwa mwaka ule wa operesheni, watu walipokuwa wakihamishwa kwenda vijiji vya Ujamaa, na malori yalipita mbele ya chuo yamebeba vitanda, kuku, milango na vizee vilivyokaa juu ya mizigo vikitazama nyuma. Chuo kilikuwa nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara, na wapishi waliokulia huko walituambia kwamba zamani watu walipita hapohapo wamefungwa shingo. Tuliwacheka, maana tulikuwa wasichana na historia ilikuwa somo la mtihani. Chumba namba nne kilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja lenye wavu uliotoboka. Tulikula ugali na maharage siku sita, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya nyama: vipande viwili kila mtu, na mchuzi ambao Perpetua, kiongozi wetu wa chumba, aliugawa kwa haki ya kutisha. Kila Alhamisi baba yake Thuweba alikuja kwa baiskeli kutoka dukani kwake Mtendeni. Tulimwita Mzee Nasoro. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu aliyezaliwa Tabora kama baba yake na babu yake, mwembamba, mwenye kofia nyeupe na kikohozi cha adabu cha kubisha hodi. Yeye ndiye aliyekiuzia chuo mafuta ya taa. Aliyaleta kwenye debe la kijani lililofungwa kwa kamba ya katani nyuma ya baiskeli, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa. Tulimwona hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi, tukiwa tumening'inia dirishani. "Wangaluka, mabinti!" alitusalimu kwa Kinyamwezi, nasi tukamwitikia kwa kelele mpaka Thuweba akajifunika shuka kwa aibu.

Mwalimu wetu wa saikolojia, Mwalimu Gervas, alikuwa amesoma ng'ambo na alirudi na tabia ya kutotuambia jambo ambalo angeweza kutuonyesha. Siku moja alituita saba wa chumba namba nne pembeni, tukiwa bila Thuweba, akatuelekeza kitu ambacho kilituchekesha sana. Kisha akatupanga wanane mbele ya darasa, Thuweba mwisho wa safu. Alishika vijiti viwili vya fagio, kimoja kimezidi chenzake upana wa kidole, jambo ambalo hata mtoto angeliona. Kazi yetu ilikuwa kutaja kwa zamu kipi kirefu. Mara mbili za kwanza tulisema kweli. Mara ya tatu, kama tulivyoelekezwa, Perpetua alitaja kile kifupi kwa sauti kavu, na Salome, na mimi, na wengine wote. Thuweba akatutazama kama tumepagawa. Akataja kirefu, lakini kwa sauti ndogo. Mara ya nne alisita. Mara ya tano akasema kama sisi. Darasa likaangua kicheko, nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naomba radhi kwa kicheko kile. Mwalimu Gervas hakucheka. Alimsogelea akamuuliza kwa upole, "Ulikiona kirefu kweli, au ulisema tu ili usipishane na wenzako?" Thuweba alikuwa anafuta pua kwa upindo wa kanga. "Mwanzo nilisema tu, Mwalimu," alijibu. "Mara ya mwisho nilikiona." Kicheko kikafa. Mwalimu akavirudisha vijiti mezani taratibu sana, akatuambia tukumbuke jibu hilo siku tutakapokuwa na watoto wa watu darasani. Mimi nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Chuo kilikuwa na shamba la tumbaku, kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, na bani la kukaushia, yaani nyumba ndefu ya matofali ya udongo isiyo na dirisha, majani yametundikwa ndani kwenye fito, na bomba la bati likipitisha joto la moto uliowashwa nje. Moto huo ulitakiwa uwe wa wastani kwa siku kadhaa, gogo moja kwa wakati, na mtu asiondoke. Ukizidisha, bomba huwa jekundu, na jani moja likiangukia juu yake, habari imekwisha. Tulijua hivyo sote. Jumanne ile, mchana, zamu ilikuwa yetu mimi na Salome. Kengele ya chakula ikalia. Ilikuwa siku ya nyama, na zamu ya kutupokea ilikuwa imechelewa. Harufu ya mchuzi ilitufikia palepale tulipokaa. "Tukisubiri tutakuta mifupa," alisema Salome. Mimi ndiye niliyesema tujaze magogo manne kwa mara moja ili moto usizimike, tukale, turudi. Aliyeyasukuma ndani ni Salome, kwa mguu. Hayo ndiyo aliyokwenda nayo kaburini, na mimi ndiyo niliyobaki nayo. Njiani kwenda bwaloni tulimpita Mzee Nasoro akisukuma baiskeli kwenye njia inayopita nyuma ya bani. Haikuwa Alhamisi. Thuweba alikuwa ametoka kuugua homa, na baba yake alikuwa amemletea halua kwenye karatasi ya kaki. Alitusalimu, tukamsalimu, tukakimbilia nyama yetu. Nilikuwa natafuna kipande cha pili niliposikia mtu akipiga yowe nje. Mpaka tunafika, paa lilikuwa limeingia ndani. Tumbaku ya mwaka mzima iliungua mbele ya macho yetu kwa harufu tamu ya kutia kichefuchefu, na Salome alinishika mkono kwa nguvu.

Mkuu wa chuo alitaka kila mmoja wetu wa chumba namba nne aandike maelezo yake peke yake, kwa kuwa bweni letu ndilo lililotazamana na bani, na ayapeleke kabla ya saa kumi na moja. Lakini mwaka ule hatukuwa tumefanya jambo lolote peke yetu. Tulilima kikundi, tulipika kikundi, hata insha za siasa tuliziandika kikundi na kusifiwa. Kwa hiyo Perpetua alifunga mlango, akaketi kitandani na ubao wa kuandikia mapajani, akasema, "Tukubaliane kwanza, tusije tukapishana maneno tukaonekana waongo." Wala hakuwa na nia mbaya. Aliuliza nani alipita karibu na bani. Salome, macho yakiwa sakafuni, akasema Mzee Nasoro. "Na mafuta yake?" aliuliza mtu, sikumbuki nani, na nimejaribu sana. "Si huja nayo siku zote," akasema mwingine. "Debe la kijani." "Lenye kitambaa," aliongeza wa tatu. Ndipo Thuweba, aliyekuwa bado amejifunika blanketi, akainuka. "Baba leo hakuwa na debe. Mimi ndiye niliyempokea. Alishika halua, hiyo hapo." Na kweli ilikuwa hapo, kitandani katikati yetu, nusu yake tumekwisha kuila, vidole bado vinanata. Perpetua akasema kwa upole, kama dada, "Hiyo halua alikupa mkononi, shoga. Debe lilikuwa nyuma ya baiskeli. Hukutazama nyuma, ulikuwa na homa." Akatugeukia. "Nyie mlilionaje?" Akaanza kutuuliza kwa zamu, kitanda hadi kitanda. Nililiona, alisema wa kwanza. Nililiona, alisema wa pili. Salome akasema ndiyo bila kuinua uso. Zamu yangu ilipofika nilijua ninachokifanya, nami nilijua kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa na mstari mwekundu kwenye daftari. Nilijua pia kwamba pasipo debe watauliza habari za moto. "Lilikuwepo," nilisema. Thuweba aliitazama halua. "Labda," alisema. Kisha, "Kuleta mafuta si kosa, lakini?" Tukamwambia kwa pamoja kwamba si kosa hata kidogo, ni biashara yake. Akachukua kalamu. Hakuna kati yetu aliyeandika kwamba mzee yule alichoma kitu. Tuliandika debe tu.

Siku ya pili alikuja mtu wa kamati ya uchunguzi, mwenye suti ya mikono mifupi na sauti ya kuvutia, ambaye kabla hajakaa alikwisha kutaja maadui wa Ujamaa mara mbili. Alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha maabara, kilichonuka dawa ya kuhifadhia vyura. "Ndugu Mwajuma," aliniambia, "alipokuwa analishusha lile debe karibu na moto, alitumia mkono gani?" Mimi sikuwa nimeandika kwamba alilishusha. Ningeweza kusema hivyo. Lakini swali lilikuwa limekwisha kulishusha debe, kilichobaki kilikuwa mkono tu, na mkono ni jambo dogo. "Wa kulia," nilijibu. Hapo ndipo nilipoliona. Sisemi nilidanganya, maana kudanganya nakujua kulivyo. Nililiona kabisa, kijani, kitambaa kimelowa, kidole gumba kwenye ukingo wa bati. Ninaliona hadi leo nikifumba macho, wazi kuliko uso wa mama yangu. Alhamisi zote zile zilikuwa zimejikusanya zikawa Jumanne moja. Mzee Nasoro alichukuliwa dukani kwake mchana, mbele ya wateja, kofia yake ikaachwa kwenye mizani. Thuweba alipata habari akiwa anafua. Alisimama na nguo ikichuruzika maji mkononi, akatuuliza, "Mmesema si kosa?"

Mwalimu Gervas aliyasoma maelezo yetu manane, sijui aliyapataje. Alinisimamisha kwenye varanda. "Watu wanane hawawezi kukumbuka kitambaa kwa maneno yaleyale," alisema. "Mliyaandika pamoja. Niambie, na leo hii nitakwenda nawe kwa Mkuu." Uso wake ulikuwa umechoka. Nikamwambia kila mtu aliandika alichokiona. Alinitazama kama alivyokuwa amemtazama Thuweba siku ya vijiti, ila sasa bila upole, akaenda kwa Mkuu peke yake. Baada ya wiki mbili alihamishiwa shule moja ya mbali upande wa Mpanda, na masomo ya saikolojia yakachukuliwa na mwalimu aliyetusomea kitabu. Thuweba alikuwa ameondoka kabla yake. Alikunja godoro lake vizuri, akafagia chini ya kitanda chake, akatuaga kwa kutushika mikono. Kitanda kilibaki kitupu mpaka mwisho wa mwaka, nasi tukaanza kuweka ndoo juu yake.

Sasa, sebuleni kwa marehemu, aliketi mkekani mbele yetu, fimbo ameilaza kando. Tuliulizana habari za watoto. Nilikuwa nimekwisha kuipanga sentensi yangu tangu kwenye basi: Thuweba, bani tulilichoma sisi, mimi na Salome, baba yako hakuwa na debe. Fupi tu, hata mwanafunzi wa darasa la pili angeisema. Nilisubiri wasichana waliokuwa wakigawa chai wapite. Lakini Thuweba akanitangulia.

"Nimekuja safari hii kwa ajili ya Salome," alisema, "na kwa kazi niliyoachiwa na baba. Mahakamani alikana maelezo yenu yote. Akakana, akakana. Walipomsomea yangu, akaacha kukana. Kisha akasema, kama Thuweba ameandika nilikuwa nalo, basi nilikuwa nalo, mwanangu hasemi uongo. Labda niliyamwaga mafuta bila kujua." Alivuta mtandio. "Alitoka akiamini hivyo. Kila Jumanne alikuwa akiniuliza kama nadhani yalimwagika. Amekufa akiamini. Aliniambia nikiwapata wale mabinti mahali pamoja, niwaombe radhi kwa jasho lao lililoungua. Sikuwahi kuwapata pamoja mpaka leo."

"Na wewe?" nilimuuliza. "Wewe unakumbuka nini?"

"Mimi? Naliona debe, dada yangu. Nalikumbuka kama jana. Nashukuru Mungu, maana nisingeliona ningeishije?" Akanyoosha viganja vyake mbele yetu. "Mniwie radhi kwa niaba yake."

Perpetua hakusita. Hakujua lolote kuhusu magogo, hakuwahi kujua, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Yamepita hayo, shoga. Tumemsamehe," alisema. "Tumemsamehe, Mungu amrehemu," akasema wa pili. Wa tatu akaitikia hivyohivyo huku akijifuta. Kisha wakanigeukia wote. Nilikuwa mwisho wa safu. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, nzima, na nilijua ninachokifanya, kuliko wote. Nilitazama viganja vya Thuweba vilivyofunguliwa, nikatazama mlango, nikavuta moshi.

"Tumemsamehe," nilisema.

Akafumba macho. Kisha akasogea kwa magoti mpaka nilipokaa, akanishika mikono yote miwili. "Ahsante, Mwajuma," alisema. "Wewe na marehemu ndio niliokuwa naogopa hamtamsamehe. Bani lilikuwa mikononi mwenu."